Aliyekaa Nyuma ya Magitaa

Kuna baa moja hapa Kitengela, karibu na barabara ya Namanga, ambayo kila Ijumaa huleta mtu wa “one man guitar”. Anakuja na gitaa, maikrofoni na kinanda kidogo anachokiweka juu ya meza ya plastiki. Anabonyeza kitufe, dramu zinaanza. Zinaenda sawasawa mpaka saa tisa usiku, hazichoki, haziombi soda wala nauli ya kurudi nyumbani. Watu wanacheza. Hata mimi hucheza, sitaki kujifanya mtakatifu.

Mwaka jana nilimpeleka mjomba wangu pale. Mjomba alipiga dramu kwa miaka mingi katika bendi za hoteli na baa, Kajiado na Nairobi, mpaka siku mwenye baa mmoja alipohesabu vichwa jukwaani, akapata saba, akamwambia kiongozi wa bendi apunguze. Wa kwanza kupunguzwa alikuwa yeye. Kinanda kilikuwa kimefika. Aliuza vyombo vyake kipande kwa kipande, na mpaka leo ukimuuliza kila kipande kilienda wapi atakuambia, hata bei.

Basi tulikaa, akasikiliza nyimbo mbili bila kusema neno. Kisha akaniinamia: “Mpwa wangu, huyu kijana anapiga vizuri sana. Shida ni kwamba hakuna anayemsikiliza.”

Nikaangalia ukumbi. Watu walikuwa wamejaa, wanaimba naye. Nikamwambia, “Mjomba, si umewaona hawa wote?”

“Sisemi hawa,” akasema. “Nasema dramu. Hazimsikilizi.”

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile, na limenifanya nirudi kwa mtu ambaye nilikuwa nimemsikia maisha yangu yote bila kumtambua. Anaitwa Rashid Juma. Alikuwa mpiga dramu wa Les Wanyika. Ukiwa umewahi kupanda matatu Kenya hii, au kukaa kwenye harusi baada ya wazee kuanza kuchangamka, umemsikia. “Sina Makosa” na “Paulina” ni yeye yuko kule nyuma.

Hadithi ya Wanyika kwa kawaida huanza na ndugu, na hilo ni haki yao. Wilson na George Peter Kinyonga walianza Tanga na Jamhuri Jazz katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 wakaenda Arusha wakaunda Arusha Jazz, pamoja na ndugu yao William. Mwaka uliofuata wakaingia Kenya, na bendi ikawa Simba Wanyika. Jina hilo wengine hulichukua kama pambo tu. Sisi wa Kitengela simba wa nyika tunawajua kwa njia nyingine: wanatoka Mbuga ya Nairobi usiku, na Juni 2012 sita kati yao waliuawa huku baada ya kuvamia mifugo. Lakini hayo ni mambo mengine.

Mwaka 1978 Simba Wanyika iligawanyika, na hapa ndipo nataka msomaji atazame vizuri ni nani aliyeondoka. Omar Shabani, gitaa la rithimu. Tom Malanga, besi. Rashid Juma, dramu. Issa Juma, mwimbaji, akawa nao mwanzoni, na John Ngereza akajiunga baadaye kidogo. Kina Kinyonga walibaki na sauti zao, tungo zao na jina. Walioondoka walikuwa wale wanaokaa nyuma, ambao kwenye picha ya bendi unaona kofia tu au nusu ya bega.

Tumezoea kueleza mgawanyiko wa bendi kama ugomvi wa waimbaji: nani mkubwa, nani ametunga, nani amekula pesa ya nani. Huu wa 1978 ulikuwa wa aina nyingine. Mashine ya chini ya gari ilichomoka, ikatafuta bodi nyingine. Na bodi hiyo mpya ikatoa wimbo ambao Afrika Mashariki haijaacha kuuimba. Simba Wanyika nayo iliendelea, ikatoa nyimbo nzuri mpaka miaka ya 1990, kwa hiyo sisemi mmoja alishinda. Ninachosema ni kwamba historia ilitupa nafasi ya nadra ya kusikia watu wa nyuma wakiwa peke yao wanafanya nini, na sisi tukaenda kusifu gitaa.

Omar Shabani aliitwa Profesa, na alistahili. Malanga, kila mpiga besi wa Nairobi mwenye akili amewahi kukaa chini akajaribu kumwiga. Rashid Juma sijawahi kusikia mtu akimpa cheo.

Kuna bishano la zamani ambalo mtu akilianza kwenye meza, pombe huisha kabla yake: kwa nini bendi zetu zilijiita jazz? Dar es Salaam Jazz ilikuwepo tangu miaka ya 1930, Morogoro Jazz tangu miaka ya 1940. Kongo, Kabasele alianzisha African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ya Franco na wenzake ikafuata 1956. Kwetu, Shirati Jazz na Victoria Jazz zilikuwa zinapiga benga, na benga na Louis Armstrong ni mashariki na magharibi. Jibu linalopendwa ni kwamba neno lilikuwa suti: ukilivaa unaonekana mtu wa mjini, wa kisasa, umefika. Wapenzi wa jazz “ya kweli” hulisema jibu hili wakitabasamu kidogo, kama mtu anayemsamehe mtoto.

Mwaka 2014 Nairobi ilianza kuwa na tamasha la jazz la Safaricom, na mapato yake yalisaidia vijana wa Ghetto Classics kule Korogocho kujifunza ala, jambo jema kabisa. Nimewahi kukaa kwenye nyasi za tamasha la jazz nikasikia mtu nyuma yangu akimwambia mwenzake: sasa hii ndiyo jazz, si ile ya akina babu. Mwenzake akacheka. Mimi pia, nakiri, nilicheka. Nilikuwa bado sijakaa na mjomba.

Hebu twende Kansas City, katika miaka ya 1930. Bendi ya Count Basie ilikuwa na mpiga dramu aliyeitwa Jo Jones, aliyezaliwa Chicago mwaka 1911. Wengi humkumbuka kwa kisa kimoja: inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa 1936 kijana mdogo Charlie Parker alipotea katikati ya wimbo, na Jo Jones akamtupia toazi miguuni, likalia sakafuni, ukumbi ukacheka. Kisa kitamu, ila kinatuonyesha mtu wa fujo, na Jo Jones aliyebadilisha muziki alikuwa kinyume cha hapo.

Kabla yake, kazi ya mpiga dramu ilikuwa saa ya ukutani. Ngoma kubwa ya mguu inagonga moja, mbili, tatu, nne, ili hata aliye mlangoni ajue wimbo uko wapi. Jo Jones aliangalia waliokaa karibu naye. Kulikuwa na Walter Page kwenye besi, anayetembea bila kukosea. Kuanzia 1937 kulikuwa na Freddie Green kwenye gitaa la rithimu, mtu ambaye angebaki na bendi ile kwa miaka 50 mpaka kufa kwake 1987, akikata kodi nne kila mara, karibu bila kupiga solo. Saa zilikuwa tayari mbili. Ya tatu ya nini? Basi Jo Jones akapunguza mguu, akahamishia mapigo juu, kwenye yale matoazi mawili yanayofunguka na kufunga kwa kanyagio. Sauti ikawa nyepesi. Bendi nzima ikainuka kutoka ardhini.

Sasa rudi Nairobi, weka “Sina Makosa”. Sahau maneno kidogo, najua ni kazi ngumu. Omar Shabani anakata rithimu yake ile ile, fupi, kavu, ya kujirudia, isiyotafuta sifa. Malanga anapiga kipande cha besi, halafu ananyamaza. Anapiga tena, ananyamaza tena. Ule unyamavu wa Malanga ndio wimbo wenyewe. Ungekuwa na mpiga dramu mwenye njaa ya kusikika, angeujaza, maana kila mpiga dramu duniani akiona shimo mkono unamwasha. Rashid Juma haujazi. Anabaki na matoazi ya mguu, kidogo, mfululizo, na besi inapotoka ndipo unagundua kwamba kulikuwa na kitu kinakwenda muda wote.

Gitaa la rithimu, besi na mpiga dramu aliyetazama wenzake akaona saa zimetosha: ni mpango ule ule. Sidai kwamba Rashid Juma alikaa chini kusikiliza Basie. Wala sidai kwamba anapiga swing. Hapigi, na mtu akitafuta solo ya dramu ndani ya Les Wanyika atazeeka akingoja. Dai langu ni dogo zaidi na nadhani ni gumu zaidi kulipinga: kile kilichofanya dramu za jazz ziwe dramu za jazz, yaani kusikiliza kwanza ndipo upige, kilikuwepo kwenye bendi hii iliyotokana na Arusha Jazz. Kama jina lilikuwa suti, basi ilishonwa kwa kipimo.

Ili usidhani hiyo ndiyo njia pekee, kuna Zaïko Langa Langa. Kinshasa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wale waliziacha tarumbeta na saksafoni wakaileta dramu mbele. Meridjo Belobi, aliyefariki 2020, ndiye anayetajwa kama baba wa cavacha, mapigo ambayo inasemekana yalichukuliwa kwenye mwendo wa treni. Cavacha ilifika Nairobi haraka, na bendi nyingi za hapa zikaipanda. Ni mapigo matamu, siyakatai. Lakini Meridjo anataka ujue yupo. Anakupigia kengele, anakuvuta kola. Rashid Juma aliisikia Nairobi hiyo hiyo iliyojaa treni za Kinshasa, na bado akakaa vile. Watu husema kwamba hakuwa na ufundi wa kufanya zaidi. Mjomba hulijibu hilo kwa swali: “Wewe umeshawahi kunyamaza dakika nane mbele ya watu mia tatu?”

Na hilo la dakika lina uzito. Wimbo wa zamani kwenye santuri ya 45 ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa pili. Upande wa kwanza una hadithi, nani amemwacha nani. Upande wa pili ndio magitaa yanazungumza yenyewe kwa yenyewe na watu wa nyuma wanapata pumzi. Redio zetu hucheza hadithi, kisha mtangazaji anaingia na matangazo ya mabati kabla magitaa hayajafika popote. Kwa hiyo kuna watu wazima, wenye watoto, wanaojua kila neno la “Paulina” na hawajawahi kuufikisha mwisho. Nikiwa mfalme wa redio kwa siku moja, ningecheza pande za pili tu.

Niseme jambo la nyumbani. Kajiado ni mahali pa ajabu pa kuandikia habari za dramu, kwa sababu Wamaasai, wenye ardhi hii, katika muziki wao wa asili hawana ngoma. Watu wa nje hushangaa. Wanadhani kila Mwafrika amezaliwa na ngoma chini ya kitanda. Kwenye harusi moja kule Isinya nilisimama karibu na morani wakiimba: olaranyani anaanzisha, wengine wanaingia chini yake kwa ile sauti nzito ya kooni, ya kuvuta pumzi na kuitoa, na hiyo pumzi ndiyo mapigo. Wanawake wanaitikia, mabega yanapanda, shanga za shingoni zinaruka na kutua pamoja. Hakuna aliyegonga kitu. Na hakuna aliyekosa.

Baada ya hapo DJ akawasha vyombo vyake na dramu zikaanza kutoka kwenye spika, na nikajiuliza kwa mara ya kwanza swali la kweli: kama watu wanaweza kukaa pamoja ndani ya wakati kwa pumzi tu, mpiga dramu ni wa nini? Nilidhani ni kushika wakati. Kumbe wakati unashikwa na wote, au haushikwi. Omar Shabani angeweza kuushika peke yake mpaka asubuhi. Anachofanya mpiga dramu mzuri ni kukubali au kukataa. Mwimbaji amechelewa nusu ya pumzi kwa sababu leo ana huzuni: unamngoja au unamsukuma? Mpiga besi amebadilisha kitu kidogo: unamfuata au unamwachia? Hayo ni maamuzi, mamia kwa usiku mmoja, na hayaandikwi popote.

Kinanda cha pale baa hakifanyi uamuzi hata mmoja. Nimeanza kumtazama yule kijana wa gitaa kwa jicho jingine. Ana kipaji, tena kikubwa. Kuna mahali katika wimbo wake wa tatu anapotaka kupunguza mwendo. Unaona kwa bega lake, anaegemea nyuma kidogo kama mtu anayevuta ng’ombe kwa kamba. Ng’ombe haji. Kijana anaiacha kamba, anakimbia kuwahi mapigo. Kila Ijumaa, mahali pale pale. Sijui kama yeye mwenyewe anajua.

Simlaumu. Wala mwenye baa wa leo simlaumu sana. Kulipa mtu mmoja na kulipa saba si hesabu inayohitaji karatasi, na kodi ya nyumba hapa Kitengela inapanda kama vile tuko Nairobi. Lakini tusijidanganye kwamba kilichopotea ni ajira ya mjomba tu. Kazi ya baa, wimbo ule ule usiku hadi usiku, na watu wale wale sita pembeni yako, ndiyo iliyokuwa shule. Hakuna mahali pengine mtu angejifunza kupiga kama Rashid Juma, kwa sababu kupiga vile ni kuwajua watu.

Mtaniambia kanisa lipo. Kweli, lipo, na Mungu alibariki. Hapa mtaani peke yake naweza kukuonyesha makanisa kadhaa yenye dramu nzuri kuliko yoyote ambayo mjomba aliwahi kuigusa, zimewekewa ukuta wa plastiki angavu ili zisiwauwe waumini masikio. Nyuma ya ukuta kuna kijana wa miaka kumi na saba mwenye mikono ya ajabu. Amejifunza kwa video za Wamarekani, na kila mstari wa pambio unapoisha anaporomosha ngoma zote kutoka juu hadi chini. Anapigiwa makofi. Ila ule ukuta unanisumbua. Umewekwa ili sisi tusimsikie sana, na naye ndani yake hawasikii wengine isipokuwa kwa vipaza vya masikioni. Nilimuuliza mmoja wao kama anamjua Rashid Juma. Akafikiri kidogo, akauliza, “Ni pastor wa wapi?”

Mwezi uliopita nilienda kumwona mjomba kwake Kajiado. Umeme ulikuwa umepotea. Nilitaka kumchezea “Paulina” nimwonyeshe hayo yote niliyogundua, na sikuwa na chochote ila simu. Nikaomba radhi kwa sauti mbovu. Spika ya simu ni ndogo mno, besi inamezwa yote. Malanga mzima aliondoka, kama hakuwahi kuajiriwa. Gitaa la rithimu likawa uzi. Kilichobaki mbele, wazi kabisa, karibu kuliko nilivyowahi kukisikia kwenye spika yoyote kubwa, ni matoazi ya mguu.

Mjomba alikuwa anamenya viazi. Aliacha kisu juu ya sinia, akanyoosha shingo.

“Huyo,” akasema. “Huyo hapo. Ona alivyomngoja.”

Sikuona. Nikarudisha nyuma, tukasikiliza tena, bado sikuona. Mara ya nne nikadhani nimeona kitu, mahali mwimbaji anapovuta neno na toazi likafunguka kidogo zaidi ya kawaida, kama mlango ulioachwa kwa ajili ya mtu aliye nje. Nikamtazama mjomba ili anihakikishie. Alikuwa ameshachukua kisu chake.

“Usizime,” akasema. “Bado upande wa pili.”